Mtoto Mwenye Hisi Kali na Safari ya Makumbusho: Maswali na Majibu

Wapo watoto ambao kengele ya shule huwafanya wazibe masikio na kujikunyata, lebo ya shati huwawasha kama upupu, na taa kali huwafanya wafumbe macho hata wakiwa wanatembea. Mzazi wa mtoto kama huyo akisikia kuna safari ya makumbusho, kinachomjia kwanza ni hofu, na wengi huishia kumwacha mtoto nyumbani. Ninaandika haya kwa sababu naamini mtoto huyo anaweza kwenda na akafurahia, mradi tu asipelekwe kwa kushtukizwa.

Hali hii ni ugonjwa? Mtoto ana tatizo gani hasa?

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Kuna hisi nyingine tatu ambazo hazitajwi sana: ya msawazo, iliyo ndani ya sikio, ya misuli na viungo, inayotujulisha mkono au mguu uko wapi bila kuutazama, na ile ya ndani ya mwili, inayotuambia tuna njaa, kiu au haja. Taarifa za hisi zote hizo humiminika kwenye ubongo kila sekunde, na ubongo huzichuja. Ukikaa chumbani penye feni, baada ya dakika chache husikii tena mvumo wake. Mtoto mwenye hisi kali huendelea kuusikia, pamoja na viti vinavyoburutwa, mlio wa taa na kikohozi cha mtu wa mbali, na vyote humfikia kwa uzito mmoja.

Wapo pia wa upande wa pili, ambao taarifa huwafikia hafifu. Hao huitafuta: hugusa, hugonga, huzunguka, hurukaruka. Mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili, akakimbia kelele huku akitamani kukumbatiwa kwa nguvu.

Mmarekani A. Jean Ayres, mtaalamu wa kuwasaidia watoto kumudu shughuli za kila siku, ndiye aliyeweka msingi wa elimu hii katika miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2013 mwitikio usio wa kawaida wa hisi uliingizwa miongoni mwa dalili za usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtu) katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili. Lakini si kila mwenye hisi kali ana usonji. Hali hii huonekana pia kwa watoto wenye shida ya umakini na utulivu, na kwa wengine wasio na utambuzi wowote wa kitabibu. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri madaktari wasiitaje kama ugonjwa unaojitegemea, bali watafute kilicho nyuma yake. Basi ikiwa inamzuia mtoto kula, kulala au kusoma, mpeleke akapimwe, na masikio na macho yapimwe pia.

Tahadhari moja: mtoto ambaye hakuwa hivyo, akianza ghafla kuukimbia mwanga huku ana homa, kichwa kinauma au shingo imekakamaa, hilo si suala la hisi kali. Mwahishe hospitali saa hiyohiyo.

Makumbusho si mahali pa utulivu? Kuna kitu gani cha kumlemea?

Mtu mzima hudhani ni patulivu kwa sababu watu huongea kwa kunong'ona. Hebu pasikilize kwa masikio ya mtoto. Kumbi zina dari za juu, sakafu ya mawe na kuta tupu, hivyo kila hatua hutoa mwangwi. Baadhi ya maonyesho huwaka na kupiga sauti yenyewe mtu anapokaribia. Mwanga nao hubadilika chumba hadi chumba. Penye nguo za kale, karatasi na michoro ya rangi za maji, makumbusho mengi hupunguza taa kwa makusudi, mara nyingi hadi karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga; huo ni hafifu sana), kwa kuwa mwanga hufifisha rangi. Mtoto anayetoka kwenye ukumbi mweupe pe na kuingia kwenye giza hilo anaweza kugoma mlangoni, na hakuna atakayejua kwa nini.

Halafu kuna choo. Vikaushia mikono vya umeme huwaharibia siku watoto wengi kuliko kitu chochote kilicho ndani ya kabati za vioo. Mwaka 2019 jarida la tiba ya watoto la Kanada lilichapisha vipimo vilivyofanywa na Nora Keegan, aliyekuwa bado msichana wa shule. Alipima sauti ya mashine hizo kwenye urefu ambao masikio ya watoto hufikia, na baadhi zilipita desibeli 100. Mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60. Kwa hiyo mtoto anaposema "inaniumiza masikio", anasema kweli. Mpitishe chooni kabla ya kutoka nyumbani, beba taulo ndogo, na mkiingia humo simameni mbali na mashine.

Maandalizi yaanze lini?

Kama wiki moja kabla. Ukiwahi sana, baadhi ya watoto hukesha na wasiwasi. Ukichelewa hadi asubuhi ya safari, umemshtukiza.

Kinachomtisha zaidi ni kutojua kinachofuata. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumwonyesha mambo kabla hajakutana nayo. Tafuta picha za mlango wa kuingilia, mahali pa kukata tiketi, ngazi, choo, na kitu kimojawapo atakachokiona. Zipange kwa mfuatano na chini ya kila picha uandike sentensi fupi kwa sauti ya mtoto mwenyewe: "Nitaingia kwa mlango huu. Huenda kukawa na foleni. Nikisikia kelele, ninaweza kuvaa kinga ya masikio. Nikichoka, nitamwonyesha mama kadi nyekundu, nasi tutatoka nje." Mwalimu Mmarekani Carol Gray ndiye aliyeanzisha hadithi za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya wanafunzi wenye usonji. Isomeni kila jioni bila haraka.

Uwe mkweli ndani ya hadithi hiyo. Usiandike "hakutakuwa na kelele" wala "utafurahi sana", kwa sababu huwezi kuahidi yote mawili. Andika "huenda" na "labda", kisha umweleze mtoto atafanya nini likitokea. Mtoto aliyeahidiwa kimya akakutana na king'ora hatakuamini safari ijayo.

Pigia simu makumbusho pia. Uliza ni saa ngapi watu huwa wachache (mara nyingi ni mara tu milango inapofunguliwa, siku za kazi), kama kuna chumba cha kupumzika, ni maonyesho gani yana sauti za ghafla au taa za kumetameta, na kama mnaweza kutoka na kurudi bila kukata tiketi upya. Makumbusho kadhaa makubwa, kama ya Smithsonian kule Washington na Natural History Museum ya London, yameshawahi kufungua milango mapema kwa ajili ya familia za watoto hawa, na mengine hutoa ramani inayoonyesha sehemu za kelele na za utulivu. Hata mahali ambapo huduma hiyo haipo, uliza tu. Mara nyingi mlinzi au mhudumu mwenye moyo atakuonyesha kona tulivu ambayo haimo kwenye ramani yoyote.

Tubebe nini?

Kinga ya masikio inayofunika sikio zima, kofia yenye ukingo au miwani ya jua, kitu cha kubonyezabonyeza mkononi, maji, na chakula ambacho mtoto amekizoea. Nguo ziwe zile azipendazo, zilizokwisha kufuliwa mara nyingi. Siku hiyo si ya kuvaa mpya.

Kinga ya masikio ajaribu kwanza nyumbani, maana mkandamizo wake kichwani nao ni hisia ngeni. Isivaliwe kutwa nzima pia. Masikio yakizoea ukimya mtupu, sauti za kawaida huanza kuonekana kubwa zaidi. Aivae penye kelele, kisha aivue.

Mwanangu hugusa kila anachokiona. Nifanyeje?

Mweleze sababu, kwa kuwa "usiguse" peke yake haimsaidii. Vidole vyetu vina jasho, mafuta na chumvi, na uchafu huo hubaki juu ya kitu na kukila polepole, chuma kikapata kutu na rangi ikachakaa. Watoto wengi hulielewa hilo kuliko tunavyotarajia, hasa ukiwaonyesha alama ya kidole kwenye kioo.

Kisha mpe mwili wake kinachoutuliza. Kabla ya kuingia, apande ngazi, asukume ukuta kwa viganja, au abebe mkoba wake wenye uzito kidogo. Kazi ya misuli huwatuliza wengi wao. Uliza pia kama kuna vitu vilivyotengwa vya kushikwa, kisha mwanzie hapo.

Akilemewa na kuanza kupiga kelele mbele za watu?

Kwanza tutofautishe. Mtoto anayedeka anataka kitu, na akikipata hunyamaza. Mara nyingi hukutupia jicho kuona kama unamwangalia. Aliyelemewa hadai chochote. Amefurika, na hawezi kujizuia hata ukimpa dunia nzima. Kumwadhibu wakati huo ni sawa na kumchapa mtoto kwa kutapika.

Dalili hutangulia: anaziba masikio, anajibu kwa mkato au ananyamaza kabisa, anatembea kwa vidole vya miguu, anang'ata kola ya shati, au anacheka bila sababu. Ukiiona mojawapo, ondokeni kabla hayajafika mbali. Ikiwa yameshafika, mpeleke penye watu wachache, punguza maneno, shusha sauti na usimuulize maswali. Mkumbatie kwa nguvu ikiwa tu unajua anapenda hivyo. Wapo ambao mguso huwaongezea moto. Usimshike kwa lazima ila kama yuko hatarini. Kisha subiri. Inaweza kuchukua dakika tano, inaweza kuchukua nusu saa. Akitulia, mpe maji na mwache apumzike, bila mahubiri.

Watu watakutazama, na pengine mmoja atasema umemdekeza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huna deni la kumweleza mtu yeyote wakati huo. Macho yako yabaki kwa mtoto.

Tukae muda gani?

Mara ya kwanza, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Chumba kimoja au viwili, kikiwemo kile alichokichagua mwenyewe. Ondokeni angali na furaha, hata kama hamjaona nusu. Akitaka kukaa saa nzima mbele ya kitu kimoja, mwache. Ikiwa kuna ndugu zake, nendeni watu wazima wawili ili mmoja aweze kutoka naye bila kuwakatisha wengine.

Darasa linakwenda bila mimi. Nimwambie nini mwalimu?

Mwandikie ukurasa mmoja, usizidi hapo, maana siku ya safari hatapata nafasi ya kusoma zaidi. Taja mambo mawili yanayomlemea zaidi mwanao, dalili zake za mwanzo, na kitu kimoja kinachomtuliza. Omba awe na mtu mzima mmoja aliyemzoea, asiwe katikati ya msururu bali mwanzoni au mwishoni ambako hasukumwi pande zote, na asilazimishwe kula pamoja na wengine kama chumba cha chakula kina makelele. Kubalianeni mapema, wewe na mwalimu, kwamba kadi nyekundu maana yake ni kutoka nje mara moja, bila kwanza kuulizwa kwa nini. Mtoto naye awepo mnapokubaliana hilo, ili asikie kwa masikio yake mwalimu akisema, "Ukiionyesha, tutatoka."