Kumwaga oili mwenyewe: raba ya filta ya zamani uliiona?

Mtu akinipigia simu kwamba kabadilisha oili mwenyewe na sasa gari linamwaga kama bomba lililopasuka, simuulizi katumia oili gani. Namuuliza: ulipofungua filta ya zamani, raba yake ilitoka nayo? Mara nyingi kinafuata kimya, halafu: "Raba gani, fundi?"

Filta ya oili, ile ya kopo, ina raba ya mviringo mdomoni. Gari likitembea miezi kadhaa, joto linaikandamiza raba ile mpaka inagandana na uso wa injini. Unafungua filta, kopo linatoka, raba inabaki pale pale: nyeusi juu ya chuma chenye masizi, na tochi isipoipiga vizuri huioni. Unafunga filta mpya yenye raba yake. Sasa raba mbili zimelaliana. Ukiwasha gari linatulia, hata dakika mbili tatu, kisha presha inaisukuma raba moja pembeni na oili yote inaishia chini. Nayajua haya kwa sababu yalinipata nikiwa bado najifunza ufundi. Taa nyekundu ya oili iliwaka, nikazima injini papo hapo. Ningesita kidogo tu ningekuwa namtafutia mteja injini nyingine. Tangu siku ile, kila gari, napitisha kidole mahali filta inapokaa, mzunguko mzima, kabla sijagusa filta mpya.

Nimeanza na hilo kwa makusudi. Wanaoogopa kazi hii huogopa kukosea chapa ya oili. Lakini magari niliyoletewa baada ya mtu kujifanyia sevisi yalikuwa yameumizwa na mkono: kilichokazwa mno, kilichoachwa legelege, kisichotazamwa.

Kwanza gari lenyewe. Liwe mahali tambarare na pagumu, hendibreki juu, kigingi kwenye tairi zinazobaki chini. Jeki ni ya kunyanyulia, haishikilii gari. Gari likishapanda, liweke juu ya stendi, litikise kwa mkono, ndipo uingie chini. Huna stendi? Acha, kampe fundi hiyo kazi. Hapa sina utani.

Injini iwe vuguvugu. Iwashe dakika tano hivi, uizime. Oili ya baridi inatoka kwa uvivu na kuacha uchafu nyuma. Ile iliyotoka safari ndefu inachuna ngozi. Fungua kifuniko cha juu cha kumiminia oili na ukiache wazi, hewa iingie na oili ishuke bila kukohoa.

Chini utaikuta sampo, lile karai la oili chini ya injini, na bolti yake. Hakikisha ni yenyewe. Kwenye magari mengi ya otomatiki, bolti ya gia boksi iko karibu tu na ile ya injini, na zinafanana. Nimewahi kupokea gari ambalo mwenyewe alimwaga oili ya gia boksi, kisha akaongeza lita nne za oili mpya kwenye injini iliyokuwa imejaa tayari. Kwa hiyo kinachotoka kikiwa chekundu, au rangi yake haifanani kabisa na uliyoiona kwenye kijiti cha kupimia, rudisha bolti haraka.

Ukifungua, mzunguko wa mwisho tumia vidole huku ukiisukumia bolti ndani, kisha ivute pembeni ghafla. Oili haishuki wima, inaruka mbele kwanza, hivyo beseni likae mbele kidogo. Glavu vaa, oili iliyotumika ni sumu kwa ngozi. Iache idondoke robo saa.

Wakati inadondoka, itazame. Weusi peke yake usikutishe: oili nzuri imewekewa sabuni ya kubeba masizi, na ya dizeli huwa nyeusi karibu mara tu baada ya kuibadilisha. Cha kutisha ni rangi ya chai ya maziwa, maana yake huenda maji ya rejeta yameingia, au vimeng'ao vya chuma kama unga wa fedha ukiichota kwenye mwanga. Ukiviona hivyo, oili mpya haitatibu kitu.

Sasa bolti. Sampo nyingi siku hizi ni za alumini, bolti ni ya chuma. Nguvu ikizidi, unaokufa ni uzi wa sampo. Anza kwa vidole mpaka ikae yenyewe. Ikikataa baada ya mzunguko mmoja, imeingia mshazari, itoe uanze upya. Washa, ile pete bapa inayokaa kwenye bolti, weka mpya. Zile za shaba au alumini huziba kwa kubonyea, na iliyokwisha kubonyea haina tena cha kutoa. Kwenye magari madogo mengi, nguvu ya kukazia iko kati ya Newton-mita 25 na 40, na kitabu cha gari kitakupa namba yako kamili. Kama huna torki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukazia, shika spana fupi kwa mkono mmoja, ukaze hadi uihisi inagoma, uongeze kidogo. Bomba la kurefusha spana liache mbali kabisa.

Filta ya zamani ikishatoka na raba yake, ile mpya paka oili mpya kwenye raba, izungushe kwa mkono mpaka raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyochapishwa kwenye kopo lake. Kwa mkono tu. Kibano cha filta ni cha kufungulia.

Kuhusu oili nitakuwa mfupi, maana kitabu cha gari kimeshamaliza ubishi. Kwenye oili iliyoandikwa 5W-30, namba ya kwanza na ile W zinaeleza inavyotiririka kwenye baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto. Eti injini ikizeeka uipe nzito zaidi "ili itulie"? Mara nyingi unaficha kelele tu, na kwenye injini zenye njia nyembamba za oili unazicheleweshea oili kila asubuhi.

Mimina pungufu ya kiasi kilichoandikwa kitabuni, upime, uongeze kidogo kidogo. Kati ya alama ya chini na ya juu mara nyingi ni kama lita moja. Usipite ya juu: krenki, ile shafti inayozunguka ndani ya injini, ikianza kuipiga oili inatoka povu, na povu halilainishi chuma.

Washa bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima wewe. Ikizima, chungulia chini injini ikiunguruma. Moshi mwembamba mwanzoni mara nyingi ni oili iliyodondokea ekzosi, ndiyo maana huwa nafuta kila tone. Zima, subiri dakika tano hadi kumi, pima tena: filta imeshakunywa sehemu yake, utahitaji kuongeza kidogo.

Oili chafu irudishe kwenye madumu yaliyotoka mpya, uipeleke wanakokusanya. Isiende kwenye mtaro wala ardhini.

Usiku tandika kadibodi chini ya injini. Asubuhi doa likiwa usawa wa bolti, kagua washa. Likiwa usawa wa filta, usiliwashe gari. Chukua tochi, fungua filta, uhesabu raba.