Jiko la mkaa chumbani: hewa kiasi gani inatosha?

Juni na Julai, baridi inapoishika Njombe na Makete, sisi wa zamu ya usiku tunajua nani atabisha hodi alfajiri: familia nzima, wote vichwa vinauma, mmoja amebebwa. Maswali yao ni yale yale.

Chumba kinahitaji hewa kiasi gani?
Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Chumba cha mita 3 kwa 3, dari mita 2.5, wakilala watu wanne, hewa yote ibadilike zaidi ya mara 6 kwa saa. Huna cha kupimia, basi angalia dirisha: sehemu inayofunguka isipungue moja ya ishirini ya sakafu, kwa chumba hiki kama sentimita 67 kwa 67. Upande wa pili pawe na tundu ili hewa ipite. Dirisha lililozibwa na kabati usilihesabu.

Hesabu hiyo ni ya watu. Haina jiko ndani yake.

Nikiacha dirisha wazi kidogo, jiko linaweza kulala ndani?
Hapana.

Lakini mkaa ukishakolea hauna moshi.
Hapana, mama. Hili ndilo linaloua. Moshi unaouona ni kitu kimoja, sumu ni kitu kingine. Mkaa mwekundu, ule mzuri wa kuchomea mahindi, unatoa kaboni monoksidi: haina rangi wala harufu. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua lakini mwili haupati kitu. Usingizi unakuwa mzito, na ndiyo maana huamki kufungua mlango. Kutokuona moshi si dalili ya usalama. Narudia: si dalili ya usalama.

Beseni la maji kando ya jiko?
Halisaidii. Maji hayaiondoi sumu hiyo.

Jirani amelala nalo miaka 10.
Pengine mlango wake una nyufa. Wewe umeziba zako kwa matambara. Pasha chumba jioni mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla hujapanda kitandani. Ongeza blanketi.

Tumeamka vichwa vinauma, tunatapika. Tufanye nini?
Tokeni nje wote, sasa hivi, na aliyezidiwa atolewe kwanza. Kisha njooni kituoni chenye oksijeni hata kama mmepata nafuu, hasa mjamzito, maana mtoto tumboni anaathirika zaidi. Msinywe Panadol mkarudi kulala. Na maziwa, tafadhali, acheni! Hayatoi sumu iliyoingia kwa pumzi, na aliyelegea yatampalia.

Kwa hewa ya kawaida sumu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni ya barakoa, kama saa moja na nusu. Kile kifaa cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni 98 huku mtu anakufa, kwa sababu hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye sumu. Kwa hiyo neno lenu la kwanza mapokezini liwe: "Tulilala na jiko." Wengi wanaona aibu, wananyamaza, nasi tunahangaika na kipimo cha malaria.