Kodi ya majengo Dodoma: nani hasa anabeba mzigo, mwenye nyumba au mwenye duka?

Mwanzo wa mwezi, kwenye kibanda chochote cha kuuzia umeme kule Nkuhungu, hukosi kusikia lawama hii: mtu kanunua umeme wa elfu tano, risiti inaonyesha 1,500 imekatwa kodi ya jengo kabla ya uniti kuhesabiwa. Aliye nyuma yake anadakia: "Wangetozwa hawa wenye maduka, sisi wa majumbani watuache tupumue." Hoja inapendeza masikioni, ila imejengwa juu ya dhana ambazo hazisimami.

"Biashara ina kiwango chake, makazi yana chake."

Hakuna kitu hicho. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida, isiyo ghorofa, inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka, ndiyo hiyo 1,500 ya kila mwezi kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ghorofa mjini inalipa 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Haiulizwi kama ndani kuna vitanda au mabati ya kuuza. Matokeo yake, mstaafu aliyejibana akasimamisha kighorofa chake Ilazo analipia sakafu moja mara tano ya anacholipa mwenye godauni la chini lililojaa simenti hadi darini. Mgawanyo wetu ni wa majengo mafupi na marefu. Nyumba na biashara hazimo kabisa kwenye hesabu.

Kwa nini tukafika hapo? Urahisi. Zamani halmashauri zilitoza kwa thamani ya jengo, na kuthamini kunataka wathamini, muda na daftari lisilopitwa na wakati. Mwaka 2018 vikaja viwango vya mkupuo: 10,000 kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2021 makato yakahamia kwenye umeme. Kwa mji unaoota nyumba kila wiki tangu Serikali ihamie, naelewa mvuto wake. Haki ndiyo iliyobaki njiani.

"Mwenye nyumba na mfanyabiashara ni watu wawili."

Nenda mtaani Majengo. Nyumba moja, mbele fremu tatu: saluni, wakala wa pesa za simu, duka la nafaka. Uani mama mwenye nyumba anaanika mtama, na vyumba viwili vya pembeni wanakaa wapangaji. Hapo utaandika makazi au biashara?

Ukimwekea kiwango cha juu cha biashara, atapandisha kodi ya fremu, na msusi ataongeza bei ya kusuka. Hilo linawezekana fremu zikiwa za kugombaniwa. Mtaa ukiwa na fremu tupu, msusi atahama tu, na mama atabeba nyongeza yote peke yake. Kwa hiyo anayetajwa kwenye sheria na anayeumia mfukoni wanaweza kuwa watu tofauti kabisa.

"Anayenunua umeme ndiye mlipa kodi."

Kodi ni ya mmiliki. Mpangaji anayekatwa kwenye LUKU anamlipia mwenye nyumba, na ana haki ya kukubaliana naye ipunguzwe kwenye pango. Tunza risiti. Sheria inahesabu jengo, haihesabu mita, hivyo jengo lenye mita nyingi lisipotolewa taarifa linaweza kukatwa mara kadhaa. Na fremu iliyofungwa miezi mitatu haijasamehewa: atakayenunua umeme kwanza atakutana na 4,500.

"Wafanyabiashara hawachangii mji."

Wanachangia kwa milango mingine: leseni, ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na kodi ya pango la ardhi, ambayo ndiyo hasa hutazama matumizi. Kiwanja cha biashara kina kiwango cha juu kwa mita ya mraba kuliko cha makazi. Wengi wanachanganya pango la ardhi na kodi ya majengo, halafu wanabishana usiku kucha kila mtu akizungumzia lake.

"Tukiwabana wenye maduka, mapato yataongezeka."

Si lazima. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kila mwaka miji huamua kama itatoza kiwango kimoja kwa wote au viwili, cha makazi na cha biashara. Lakini jumla ya kukusanywa ina ukomo wake kisheria, na kugawa viwango hakuipandishi. Kinachofanyika ni kumpunguzia huyu na kumwongezea yule.

"Kila nyumba inalipa."

Nyumba za udongo na za nyasi zimeachwa, hivyo tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, halimo. Mwenye miaka 60 na kuendelea, au mwenye ulemavu, naye husamehewa nyumba anayoishi ikiwa hana kipato. Yule mama wa Majengo hata akifikisha umri huo, bado ana fremu tatu zinazomlipa kila mwezi.