Dosha ni nini hasa?

Mtandaoni kuna madodoso mengi ya dosha. Ngozi yako ni kavu? Unakasirika upesi? Ukimaliza kujibu unaambiwa "wewe ni pitta", kama mtu anavyotajiwa nyota yake kuwa ni Nge. Dhana yenyewe haiko hivyo.

Dosha ni neno la Kisanskriti, lugha ya vitabu vya kale vya Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Linatokana na kitenzi chenye maana ya kuharibika, na kwa sauti linakaribiana na dosari yetu. Ukilishika hivyo hutalisahau. Dosha ikiwa katika kiasi chake huuendesha mwili, ikizidi huuharibu. Ziko tatu, na kila mtu anazo zote.

Vata ni ya hewa na anga. Kazi yake ni mwendo: pumzi kuingia, choo kutoka, fikra kurukaruka. Pitta ni moto wenye umajimaji, husaga chakula na kuleta joto. Kapha ni maji na udongo: uzito, ute, kushikamana.

Kanuni ni moja: kinachofanana na dosha huiongeza, kinyume chake huipunguza. Chukua msafiri aliyekesha kwenye basi, upepo wa dirishani usoni, tumboni ana bisi tu. Asubuhi midomo imepasuka, tumbo limejaa gesi, choo kimegoma, na usingizi hauji ingawa amechoka. Vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, atasema vata imepanda, maana vata ni kavu, nyepesi, baridi na haitulii, na usiku ule wote ulikuwa hivyohivyo. Atampa wali laini uliopikwa na choroko na kutiwa samli, achuliwe kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kisha alale.

Kapha nayo ina majira yake. Kaskazini mwa India hujikusanya wakati wa baridi kama samli iliyoganda, jua la machipuko likaiyeyusha, na hapo mafua na makohozi huanza.

Mchanganyiko wa dosha uliozaliwa nao huitwa prakriti; hali ya sasa, iliyokwenda kombo, ni vikriti. Dodoso linalouliza umbo lako la tangu utotoni, kisha usingizi wa wiki hii, limevichanganya viwili hivyo.

Mtu wa pwani haoni mambo haya kuwa mageni sana. Balghamu (makohozi) na safura (nyongo) ni maneno yaliyokuja na tiba ya Waarabu, nayo iliyarithi mawazo ya Wagiriki kuhusu majimaji manne ya mwili. Vyakula vya moto na vya baridi tunavijua. Ila Wagiriki hawakuwa na upepo katika hesabu yao. Wahindi waliupa nafasi ya kwanza.

Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha dosha. Ni lugha ya kuueleza mwili, si kitu kinachochotwa kwa sindano. Dawa ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na takriban moja kati ya tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Si mara zote madini hayo huingia kwa bahati mbaya: tawi liitwalo rasa shastra huitia zebaki katika dawa kwa makusudi.