Leseni ya muuguzi ni nini, na inamlinda nani?

Hapa Lamu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Anayepima presha ni daktari, anayedunga sindano ni daktari, hata anayezalisha. Ukweli ni kwamba kwenye zahanati nyingi za visiwani huyo daktari ni muuguzi, na mara nyingi yuko peke yake zamu nzima. Kwa hiyo habari ya leseni yake inatuhusu sisi kuliko inavyomhusu mtu wa Nairobi mwenye hospitali tatu mtaani kwake.

Leseni ya uuguzi ni ruhusa ya kisheria ya kumhudumia mgonjwa. Wengi huichanganya na cheti cha chuo. Cheti kinaonyesha kwamba mtu alisoma, basi. Nchini Kenya, aliyemaliza masomo hufanya kwanza mtihani wa Baraza la Wauguzi; akifaulu, jina lake huingia kwenye rejista, kisha hupewa leseni ya kufanya kazi. Leseni hiyo ina tarehe ya mwisho. Ili aihuishe, muuguzi huonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Na Baraza likithibitisha malalamiko dhidi yake, laweza kumsimamisha au kumfuta kabisa rejistani, hata kama cheti chake cha chuo bado kimening'inia ukutani.

Chukua oksitosini, dawa ambayo kila mkunga anaijua. Mama akishajifungua hudungwa yuniti 10 kwenye msuli ili kizazi kijikaze na damu isimwagike ovyo. Dawa hiyo hiyo akidungwa kabla mtoto hajatoka, na mtu asiyejua kipimo, kizazi chaweza kupasuka. Tena inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikiachwa mezani kwenye joto letu hili hupungua nguvu, na mama anavuja damu huku kila mtu akijua ameshadungwa. Sasa weka jambo hili kisiwani Pate, usiku, maji yamekupwa na boti haiwezi kupita mkondo wa Mkanda kuja mjini Lamu. Hakuna daktari wa pili wa kuuliza. Mama yule hawezi kumfanyia mtihani anayemhudumia. Lazima awe ameshafanyiwa na mwingine, mapema, kwa niaba yake. Kazi ya leseni ni hiyo.

Sasa sheria. Sheria ya wauguzi ya Kenya ilitungwa 1983, na imerekebishwa tangu hapo. Wakati huo hapakuwa na serikali za kaunti wala simu za mkononi. Leo muuguzi wa zahanati ya umma huajiriwa na kaunti, ilhali leseni yake iko mikononi mwa Baraza la kitaifa. Taarifa isipotoka upande mmoja kwenda wa pili, mtu aliyesimamishwa huku aweza kupata kazi kule.

Wamarekani walilijua hilo kwa uchungu. Muuguzi mmoja, Charles Cullen, alihama hospitali hadi hospitali katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania kwa miaka 16, akiwaua wagonjwa kwa dawa. Baadhi ya waajiri walimshuku, wakamwacha aondoke kimya kimya bila kumwonya mwajiri aliyefuata. Alikamatwa Desemba 2003, na baadaye akakiri mauaji 29. Mficha maradhi kilio humfichua, ila hapa kilio kilikuwa cha familia za watu wengine. Mwaka 2005 New Jersey ilipitisha sheria inayozilazimisha hospitali kutoa taarifa za mhudumu anayehatarisha wagonjwa, na kumweleza ukweli mwajiri mpya anayeuliza. Kisha Januari 2023 ikatangazwa kwamba shule tatu za Florida zilikuwa zimeuza diploma bandia za uuguzi zaidi ya 7,600. Baadhi ya walionunua walifaulu hata mtihani wa leseni.

Kwa maoni yangu, funzo kwetu si kuongeza makaratasi kwa wauguzi ambao tayari wamelemewa. Sheria ilazimishe vyeti vithibitishwe chuoni vilikotoka, si kwa kutazama nakala. Mwajiri anayeficha kosa zito awajibike. Rejista nayo isomeke na mwananchi wa kawaida, kwa simu yake.

Wewe pia una haki ya kumuuliza muuguzi jina lake na namba yake ya usajili. Si utovu wa adabu, na muuguzi halali hana sababu ya kukasirika. Ukitaka sheria yenyewe iguswe, mtafute mbunge wako, kwa sababu hutungwa na Bunge la Taifa. MCA, mwakilishi wako katika bunge la kaunti, muulize jambo jingine: je, kaunti huhakiki leseni kwa Baraza kabla ya kuajiri, na zahanati yenu itapata lini muuguzi wa pili?