Karibi Ipi? Tunayoyaamini kuhusu safari ya kupiga mbizi, na yalivyo kweli

Binamu yangu wa Dar aliniandikia mwezi Machi: "Dada, mwaka huu tunataka kupiga mbizi Karibi. Wiki moja, Septemba, mimi na mama watoto. Wewe uko Toronto, ni jirani. Tutafutie hoteli nzuri." Nikamjibu: Karibi ipi?

Hakunielewa, na simlaumu. Kwenye picha zote ni maji ya buluu na mnazi ulioinama. Lakini kutoka Cozumel, Mexico, hadi Barbados ni kama kilomita 3,000, mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa. Kuna mahali mkondo unakubeba kama daladala isiyo na breki, na kuna mahali unaingia majini kwa miguu yako kutoka barabarani. Saba, kisiwa kidogo kilicho chini ya Uholanzi, ni mlima uliochomoza baharini. Uwanja wake wa ndege una njia ya kurukia ya mita 400 tu, ufukwe wa kusema ufukwe hakina, na wapiga mbizi wanakisifia. Wifi yangu, huyo mama watoto, hapigi mbizi. Ningempeleka Saba, siku ya pili angeomba talaka.

"Septemba bei iko chini, twende Septemba"

Bei ina sababu ya kuwa chini. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unahesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na Septemba ndiyo kilele chenyewe. Sisi watu wa pwani tunapanga mambo kwa kusi na kaskazi. Vimbunga hutupita mbali kwa sababu tuko karibu na ikweta, ndiyo maana Hidaya kilipotua Mafia Mei 2024 watu walipigwa na butwaa. Hatuna mazoea ya kuuliza swali hilo kabla ya kukata tiketi. Kule ndilo swali la kwanza.

Ukiuliza wazoefu watakuambia: nenda Aruba, Bonaire au Curaçao, visiwa vilivyo karibu na pwani ya Venezuela, kimbunga hakifiki huko. Hapo nako kuna chumvi kidogo. Ni kweli viko kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga, na mimi mwenyewe ningekwenda huko Septemba bila kusita sana. Lakini Novemba 1999 kimbunga Lenny kilitembea kinyumenyume, kutoka magharibi kwenda mashariki. Mawimbi yake yakaupiga upande wa demani wa Bonaire, upande uliokingwa na upepo, ambako ndiko watu wanakopiga mbizi, yakavunja matumbawe ya maji mafupi. Na Julai 1, 2024, Beryl kiliisambaratisha Carriacou, kisiwa cha Grenada, eneo ambalo wenye mashua walikuwa wakilikimbilia wakiamini liko kusini vya kutosha.

Kwa hiyo Septemba inawezekana, ila uende kusini, ukate tiketi inayobadilishika, na bima uinunue mapema. Kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua siku hiyo kwa kawaida haitakulipa chochote kwa ajili yake.

"Great Blue Hole ndiyo mbizi ya maisha"

Lile duara la buluu ya kukoza katikati ya bahari ya Belize, lenye upana wa kama mita 300 na kina cha mita 124, ambalo Jacques Cousteau, mpiga mbizi na mtengeneza filamu Mfaransa, alilitangaza kwa dunia mwaka 1971. Nilikwenda, na sijuti. Lakini sirudi, na nitasema kwa nini.

Ukitokea San Pedro, mji wa kisiwani huko huko Belize, boti inaondoka alfajiri na safari ni zaidi ya saa mbili, bahari ikiwa na ghadhabu unatapika chai yote. Mnafika, mnashuka haraka ukutani hadi mita 40 hivi. Huko yananing'inia mawe makubwa kama viwele vya ng'ombe, yaliyojengeka matone kwa matone zama zile pango lilipokuwa kavu, kabla bahari haijapanda. Mwanga ni hafifu, rangi zimekufa, kichwa kinakuwa chepesi kwa ulevi wa naitrojeni, ile hewa ya mtungi inayolevya ukiwa kilindini. Nilishika jiwe moja kwa macho, nikageuka nimwoneshe mwenzangu, kiongozi wetu tayari anaashiria kupanda. Tulikaa pale chini dakika zisizofika nane. Samaki? Wachache, na matumbawe ndani ya shimo ni kama hakuna.

Siku ile ilinusurika kwa mbizi mbili za baadaye, kwenye kuta za matumbawe za visiwa vya jirani, Half Moon Caye na Long Caye, palipojaa jua na kasa na chewa wasioogopa watu. Hizo hakuna aliyekuwa amenihadithia. Uzuri wa Great Blue Hole unaonekana kutoka kwenye ndege.

Jambo jingine: mita 40 ndiyo mwisho wa mbizi za burudani, na mwenye cheti cha kwanza mafunzo yake yanaishia mita 18. Boti nyingine zitakuchukua hata hivyo. Boti kukuchukua si ushahidi kwamba unaweza.

"Cheti ninacho"

Binamu alipata cheti chake Nungwi miaka minne iliyopita, akapiga mbizi nne za mafunzo, basi. Cheti hakiishi muda wake. Mikono ndiyo inayosahau. Ukimpeleka mtu huyo Cozumel, ambako boti inakushusha, mkondo unakupeleka sambamba na ukuta wa matumbawe wa Palancar, na boti inakufuata juu kwa kutazama mapovu, dakika kumi za kwanza atahangaika kujisawazisha na hewa yote itaisha. Nilimwambia arudie mazoezi huko huko nyumbani kabla ya kuondoka. Ni nafuu, na Mnemba au Mafia si mahali pa adhabu.

Wifi naye akitaka kujifunza, asitumie likizo kusoma nadharia chumbani huku wenzake wako baharini. Nadharia na mazoezi ya bwawani anaweza kumaliza Dar, akapewa barua ya rufaa, halafu mbizi za bahari akamalizie Karibi.

"Hatari ni papa"

Papa utakaowaona wengi ni wale wanaolala chini ya miamba kama mizigo ya forodhani. Kinachoua wapiga mbizi mara nyingi ni moyo uliokuwa na tatizo tangu nchi kavu, au hewa kuisha na mtu akataharuki. Ukiwa umevuka miaka 45, au una presha, muone daktari kwanza. Papa mwache.

Na bima. Hapa ndipo watu wanapobana shilingi vibaya. Bima nyingi za kawaida za safari hazihusishi mbizi, au zinaweka kikomo cha kina kwa maandishi madogo. Ukipata ugonjwa wa kupanda haraka kutoka kilindini, naitrojeni ikageuka mapovu mwilini, unahitaji chemba ya shinikizo, chumba maalumu cha kuutibu, na si kila kisiwa kinayo. Bonaire, Cozumel, Roatán na Grand Cayman zimekuwa nazo, lakini uliza kabla ya kwenda iwapo inafanya kazi kwa wakati huo. Kwingine maana yake ni ndege maalumu, na gharama yake inaweza kumaliza kiwanja. Vilevile, baada ya siku kadhaa za kupiga mbizi, ushauri ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na wengi wetu tunafanya 24. Wiki ya siku saba basi ina siku tano za majini. Panga hivyo tangu mwanzo.

"Matumbawe ya kule yanazidi ya kwetu"

Hayazidi. Karibi nzima ina aina kama sabini za matumbawe magumu. Upande wetu wa Bahari ya Hindi aina ni mamia. Tena tangu 2014 kuna maradhi yaliyoonekana kwanza Florida, yanayoyala matumbawe magumu hadi yanabaki mifupa myeupe, na yamesambaa kisiwa kwa kisiwa. Bonaire yalifika 2023. Mtu anayetoka Pemba akitarajia bustani kubwa kuliko aliyoiacha atarudi na manung'uniko.

Kuna jambo moja hunichekesha na kunihuzunisha. Yule samaki wa mistari mwenye mapezi kama manyoya ya jogoo na miiba ya sumu, Waingereza humwita lionfish, ambaye kwetu ukimuona unafurahi na kupiga picha, kule ni mvamizi. Asili yake ni bahari zetu, Hindi na Pasifiki. Alianza kuonekana Florida miaka ya 1980 na sasa amejaa Karibi yote, anakula vitoto vya samaki ambavyo havijui kumkimbia. Wapiga mbizi wenye ruhusa wanamchoma kwa mkuki, na migahawani anapikwa. Nimemla wa kukaanga. Nyama nyeupe, tamu, ilikosa ndimu tu.

Kwa nini basi uende? Kwa sifongo kubwa ambazo mtoto angejificha ndani. Kwa maji angavu. Na kwa wepesi wa mahali kama Bonaire, ambako bahari yote inayozunguka kisiwa imekuwa hifadhi tangu 1979. Kando ya barabara kuna mawe yaliyopakwa rangi ya njano, kila moja na jina la mahali. Unaegesha pikapu, unavaa mtungi nyuma ya gari, unashuka juu ya vipande vya matumbawe mafu vinavyolia chini ya soli kama vigae, unavaa mapezi maji yakiwa kiunoni ukiwa umemshika mwenzio bega. Hakuna boti, hakuna kusubiri mtu. Vioo vya gari unaviacha wazi na ndani huachi kitu, kwa maana wezi wanajua utakuwa chini kama saa nzima. Ukipenda meli zilizozama, iko Hilma Hooker, iliyokamatwa na bangi na ikazama Septemba 1984. Imelala kwa ubavu kwenye mita 30.

"Ukishalipa hoteli, umelipa kila kitu"

Umelipa chakula na kitanda. Mbizi, ada ya hifadhi, kodi ya kuingia kisiwani, kukodi vifaa na bahashishi ya mabaharia viko nje. Glavu usibebe kama ni Bonaire, zimekatazwa, na mafuta ya jua yenye oksibenzoni, kemikali inayodhuru matumbawe, yaache pia. Vaa fulana ya mikono mirefu yaishe.

"Bonaire ni Uholanzi, visa ya Schengen imemaliza"

Bonaire ni ya Uholanzi lakini haimo katika eneo la Schengen. Ina masharti yake ya visa, yaangalie kwa pasipoti yako wewe. Na kama ndege inapitia Miami au Atlanta, mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji visa ya Marekani hata akiwa anabadilisha ndege tu. Wengine huanzia kwenye picha za samaki, wakaja kukwama hapa wakiwa wamekwisha lipa. Nilimshauri binamu aanze na karatasi, kisha mwezi, kisha kisiwa, hoteli iwe ya mwisho kabisa.

Akachagua Bonaire, Februari. Bado anasubiri miadi ya visa. Wikiendi hii yuko Mafia, anajifunza upya kuvua miwani chini ya maji na kuirudisha bila kumeza bahari.