Zawadi kwa mwalimu: chombo hakirudi kitupu

Kila mwaka embe zinapoanza kuiva hapa Tabora na shule zikikaribia kufunga, napigiwa simu za aina moja. Mzazi anasalimia vizuri, anauliza hali ya nyumbani, anazunguka kidogo, halafu anatua: "Sasa mkufunzi, mwalimu wa mwanangu kanisaidia sana mwaka huu. Nikimpelekea kitu cha sikukuu, nitaambiwa nahonga?" Kazi yangu ni kufundisha maadili ya kazi kwa wanachuo wa ualimu, hivyo watu hudhani nina jibu la ndiyo au hapana. Jibu langu ni refu kidogo, na linaanzia kwenye dumu la asali.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya msingi kwenye vijiji vya tumbaku. Nilipewa darasa la sita, watoto zaidi ya 80, dawati moja wanabanana wanne. Asubuhi moja mzee mmoja, baba wa kijana wa darasani kwangu, aliegemeza baiskeli kwenye mwembe, akafungua mpira na kushusha dumu la lita tano kutoka kwenye keria. "Mwangaluka, mwalimu." Nikaitika. Kifuniko kilikuwa kimebanwa na kipande cha nailoni asali isivuje, lakini sisimizi walikuwa wameshapata habari. Mzee hakuomba chochote. Alisema wametoka kurina, na mwalimu naye aonje. Akanywa maji, akapanda baiskeli yake.

Ile asali ilikwisha baada ya wiki chache, dumu likabaki. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea bakuli la karanga, unalirudisha na michembe, ukikosa kabisa unatia hata chumvi. Nililiosha dumu nikaliweka nyuma ya mlango, na kila asubuhi nikitoka linanitazama. Mshahara ulikuwa haujatoka. Nilikuwa na nini cha kumtilia yule mzee?

Nilichokuwa nacho ni mwanawe. Sikumwongezea maksi hata moja, naweza kuapa. Lakini siku moja nikiwa nasimama mbele ya darasa niliona kwamba kijana yule alikuwa ametoka nyuma kabisa na kuhamia dawati la pili. Niliyemhamisha ni mimi, nikijiambia haoni ubaoni vizuri. Wenzake wakienda kufyeka, mimi namtuma dukani. Akikosea swali namwambia "hebu fikiri tena", na kumngoja; mwingine akikosea, naita jina linalofuata. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ungekipeleka mahakamani. Ila dumu lilikuwa linarudi limejaa, na nilichokuwa nalijazia hakikuwa mali yangu. Lile dawati la pili lilikuwa na mtu kabla yake, mtoto wa kike, akarudi nyuma bila kuuliza. Sikumbuki hata jina lake.

Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya katika shule moja ya msingi huko California. Waliwaambia walimu kwamba wanafunzi fulani wana dalili za kuchanua mwaka huo. Ukweli ni kwamba majina yale yaliokotwa tu kwa bahati nasibu. Mwaka ulipokwisha, watoto waliotajwa, hasa wa madarasa mawili ya chini kabisa, walikuwa wamepanda kuliko wenzao katika kipimo cha akili. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu ukubwa wa jambo hilo, na wana haki ya kubishana. Mimi ninalolichukua ni dogo: walimu wale hawakuhongwa wala hawakuiba maksi. Waliwatazama watoto fulani kwa jicho jingine, basi. Zawadi inafanya kazi kwa mlango huo huo. Mzazi anadhani ananunua alama, kumbe ananunua sekunde tano za mwalimu kusubiri jibu, na sekunde hizo zinakatwa kwa mtoto mwingine.

Kama unachotaka ni alama za darasa la saba, kuku wako anakwenda bure. Mtihani ule wa Septemba ni wa Baraza la Mitihani, na wanaousahihisha hawamjui mwanao.

Sasa sheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, kifungu cha 15, inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi 1,000,000, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Watu wengi hudhani wakitoa baada ya matokeo wamejisafisha. Kifungu kinataja kishawishi cha kabla na kinataja pia malipo ya baada, kwa hiyo kama kuna upendeleo uliokuwa unalipwa, tarehe haikuokoi. Wala thamani haikuokoi. Na ikiwa mwalimu ndiye aliyeomba, hapo hatuzungumzii tena zawadi: simu ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, haikatwi pesa, na kwa walimu wa shule za serikali kuna Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, ambayo nidhamu yao iko mikononi mwake.

Ninaloliogopa kuliko mzee na dumu lake, hata hivyo, ni grupu la wazazi kwenye simu. Mjini limeshamiri, hasa kwenye shule za binafsi. Inaanza wiki ya pili ya Novemba. Mzazi mmoja mwenye bidii anaandika: "Wapendwa, tumkumbuke ticha wetu, tumependekeza elfu kumi kwa kila mzazi, ni hiari." Baada ya dakika tano inashuka orodha, mstari kwa mstari, Mama Fulani na alama ya tiki, Baba Fulani na alama ya tiki. Mstari wako hauna tiki. Kesho yake orodha inarudi, tiki zimeongezeka, wewe bado uko vilevile, na chini yake mtu ameweka vile viganja viwili vya kuomba. Hiari gani hiyo yenye mahudhurio? Na usidhani orodha ile inaishia kwenye grupu. Siku ya kukabidhi bahasha kuna mtu atamnong'oneza mwalimu nani na nani hawakutoa, tena kwa nia njema kabisa.

Huku kwenye shule za serikali tulipata Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila ada. Michango ya lazima ikafukuzwa mlangoni. Haifai tuirudishe dirishani kwa jina la sikukuu.

Jambo la pili ninalolikataza waziwazi ni kumtuma mtoto. Niliwahi kwenda kumkagua mwanachuo wangu kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la pili, siku ya mwisho kabla ya kufunga. Mezani kulikuwa na soda, kikombe chenye maua na kanga ndani ya mfuko wa duka. Watoto walipanga foleni, na yule binti mwanachuo, kwa furaha zake, akawa anashukuru kila mmoja kwa sauti: "Waoo, kanga! Pigeni makofi!" Makofi ya kanga yalikuwa marefu kuliko ya soda. Nilikuwa nimekaa nyuma na fomu yangu. Kijana mmoja aliyekuwa katikati ya foleni alishika kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari. Alipobakiwa na wawili mbele yake akatoka, akaenda kukaa. Saa sita nilimkuta getini anakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, karatasi ile ile mkononi. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha "mahusiano na wanafunzi". Nilikaa nacho muda mrefu kuliko visanduku vingine vyote.

Wapo waliojaribu kulimaliza kwa sheria kali. Korea Kusini, ambako wazazi waliwahi kuwa na desturi ya kumpa mwalimu bahasha ya pesa, walianza kutumia sheria mpya mwezi Septemba 2016. Siku yao ya walimu ni 15 Mei, na watoto huwapa walimu ua liitwalo "carnation". Chini ya sheria ile hata ua hilo mwanafunzi mmoja mmoja hampi mwalimu anayemfundisha. Mwakilishi wa wanafunzi ndiye humkabidhi, mbele ya wote. Wengi walicheka, ati hata ua? Mimi sikucheka. Ua ni lile lile, ila halina jina la mtoto.

Hapa kwetu sioni haja ya kufika huko. Mji huu ulimsomesha Nyerere sekondari kuanzia 1937 hadi 1942, akaja tena kufundisha hapa mwaka 1946, na hadi leo nchi nzima inamwita kwa jina la kazi hiyo. Watu waliozoea kumheshimu mwalimu namna hiyo huwezi kuwaambia wasishukuru. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ninachoomba ni kwamba shukrani yako iweze kusomwa kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi bila mtu kuinamisha kichwa.

Barua, kwa mfano. Ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu: mwanangu alikuwa hajui kusoma Januari, leo ananisomea ujumbe wa simu, na aliyefanya hivyo ni mwalimu fulani. Nakala kwa Afisa Elimu Kata. Nimewaona walimu wazima wakitunza barua kama hizo kwenye bahasha ya vyeti. Kanga imechakaa, barua ipo. Au kama kitu kinataka kutoka mfukoni, kipitie kamati ya shule na kiandikwe: gunia la mahindi la uji wa watoto wote, bati za nyumba ya mwalimu ambayo kila atakayehamia ataikaa. Zawadi ya pamoja siku ya mahafali, isiyo na orodha, haina ubaya. Siku ya Mwalimu Duniani, 5 Oktoba, nayo tunaiacha ipite na hotuba tu. Na mwalimu aliyestaafu, au ambaye mwanao ameshatoka mikononi mwake, mpelekee utakacho. Hana tena kitu cha mtoto wa mwenzio cha kukurudishia.

Wanachuo wangu huniuliza upande wa pili: bibi katembea kutoka mbali, kuku kamfunga miguu, utamrudishaje? Humrudishi. Unampokea kwa mikono miwili, unamshukuru, unampa maji ya kunywa, kisha kuku anakwenda ofisini, anaandikwa kwenye daftari, analiwa na walimu wote. Mwaka jana mmoja akanyoosha mkono: "Na kama anayewala ni mwalimu mkuu mwenyewe?" Darasa zima likacheka, nami pia, halafu nikamwambia ndiyo maana nimesema daftari.

Dumu lenyewe lilirudi. Mshahara ulipotoka niliwapanga upya darasani kwa urefu, wafupi mbele, nikanunua kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, nikavifunga juu ya dumu na kwenda kwa yule mzee Jumapili mchana. Nilimweleza yote, dawati, kufyeka, na kumngoja mwanawe ajibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaipima sukari mkononi, akaitazama sabuni.

"Sasa mwalimu," akasema, "hapa umeniweka pabaya. Msimu ujao nilete madumu mawili?"